Soma Kopo Kabla ya Kumimina: Uteuzi wa Oili Ifaayo Injini ya Gari

Utangulizi

Msafiri atokaye Kabianga alfajiri kuelekea mjini Kericho hupita katikati ya mashamba ya majani chai yaliyotandwa na ukungu. Katika njia zetu hizi, chombo kinachotegemewa sana si basi bali ni gari dogo, aghalabu Toyota Probox, ambalo humbeba mwanafunzi aendaye mhadharani, mama apelekaye mboga sokoni na mgonjwa aendaye hospitalini. Uhai wa gari hilo hutegemea kiowevu kisichofika hata lita nne, ambacho abiria hakioni na ambacho dereva mwenyewe hukikumbuka mara moja baada ya miezi kadhaa. Kiowevu hicho ni mafuta ya injini au, kama yanavyoitwa katika gereji zetu, oili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuteua oili inayoifaa injini. Huenda msomaji akauliza: jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina uhusiano gani na oili? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Sifa za oili huandikwa juu ya kopo kwa namba na herufi chache. Hiyo ni lugha, nayo ina msamiati wake na kanuni zake. Asiyeweza kuisoma huuziwa chochote. Tutaonyesha kwamba makosa mengi ya uteuzi wa oili huanzia katika maneno, na kwamba mwenye gari hana budi kuteua kwa kusoma wala si kwa kusikia.

Kisa cha Gari la Mjomba

Mjomba wangu ni mkulima mdogo wa majani chai. Mwaka wa 2019, baada ya kupokea bonasi ya Oktoba na kuiongezea mkopo wa chama cha akiba, alinunua Probox iliyokwisha kutumika. Mapato ya gari hilo ndiyo yaliyolipa karo ya binamu zangu wawili. Miezi ya kwanza ilipita salama. Kisha gari likaanza kutoa moshi wa samawati kila lilipowashwa asubuhi, na oili ikawa inapungua. Fundi mmoja akamwambia, "Mzee, injini imechoka. Tia oili nzito, moshi utakoma."

Mjomba alitii. Alikwenda dukani akauziwa oili iliyokingwa kutoka katika pipa na kutiwa katika chupa iliyowahi kuwa ya maji. Chupa hiyo haikuwa na namba wala herufi yoyote. Oili yenyewe ilikuwa nzito kweli, na bei yake ilikuwa nafuu.

Moshi ulipungua, naye akafurahi. Wiki chache baadaye, gari likiwa linapanda mlima pamoja na abiria, taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka mbele ya usukani. Mjomba aliiona. Baadaye alinieleza, "Mpwa wangu, nilidhani inanikumbusha tu kwamba siku ya kubadilisha oili imekaribia. Nikasema nifike mjini kwanza." Hakufika. Sauti ya kugonga ilisikika chini ya injini, kisha injini ikakaza na kuzima. Fundi mwingine alipoifungua alikuta tope jeusi limeziba wavu unaofyonzea oili, na beringi za mtaimbo mkuu zimeungua. Injini haikufaa tena. Fedha za kununulia nyingine zilitoka katika karo, na binamu yangu mmoja akakaa nyumbani muhula mzima.

Mjomba hakuwa mzembe. Aliuliza, akajibiwa, akafuata alivyoambiwa. Lakini alipotezwa na neno moja, "nzito", na ishara moja, birika. Ili tuelewe alipopotea, yafaa kwanza tujue oili inafanya nini.

Kazi ya Oili Ndani ya Injini

Injini ya gari linalokwenda kwa mwendo wa kawaida barabarani inaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa kila sekunde. Lau vyuma hivyo vingegusana vikiwa vikavu, vingepata moto, vikalana na kushikana katika muda mfupi mno. Oili huingia kati yake na kutandaza utando mwembamba kuliko unywele. Kwa hakika, katika injini nzima, mtaimbo mkuu hauzungukii juu ya chuma. Huelea juu ya oili.

Kupunguza msuguano ndiyo kazi kuu, lakini si ya pekee. Oili huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Huosha masizi na kuyashikilia yasigande juu ya vyuma mpaka siku yatakapomwagwa. Husaidia ringi za pistoni kuziba mwanya ili nguvu ya mlipuko isipotee. Huzuia kutu. Aidha, katika injini nyingi za kisasa, ikiwemo ile ya Probox, shinikizo la oili hutumika kubadilisha wakati wa kufunguka kwa vali. Injini kama hiyo haitumii oili kama kilainishi tu, bali kama mkono wa kufanyia kazi. Oili ikiwa chafu au nzito kupita kiasi, mkono huo hulegea.

Ili itimize kazi hizo zote, oili hutengenezwa kwa sehemu mbili. Sehemu kubwa ni mafuta ya msingi, ambayo huweza kuwa ya madini, yaani yaliyosafishwa kutokana na mafuta ghafi, au ya sintetiki, yaani yaliyoundwa au kufanyiwa mabadiliko makubwa ya kikemikali ili yastahimili joto zaidi. Sehemu ya pili ni viungio: vya kusafisha, vya kuzuia kutu, vya kuzuia povu, vya kulinda vyuma visilike. Kama vile pilau isivyokuwa pilau bila ya viungo vyake, ndivyo mafuta matupu yasivyokuwa oili ya injini.

Mnato, Wala Si Uzito

Sasa tulirejelee neno lililompoteza mjomba. Katika mazungumzo ya kila siku, oili huitwa "nzito" au "nyepesi". Maneno haya yanaeleweka, lakini yana hitilafu. Uzito hupimwa kwa mizani, ilhali sifa inayotuhusu hapa haipimwi kwa mizani. Tunachokisema ni ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Maji hutiririka upesi. Uji wa wimbi hutiririka polepole. Asali hutiririka polepole zaidi. Sifa hiyo huitwa mnato. Uji una mnato mkubwa kuliko maji, nayo asali ina mnato mkubwa kuliko uji.

Tofauti hii ya maneno si mchezo wa wanaisimu. Neno "nzito" hubeba maana nyingine katika fikra zetu: kitu kizito ni kitu imara, chenye thamani, kilichoshiba. Uji mzito ndio unaomshibisha mvunaji wa majani chai. Kwa hiyo mtu akisikia "oili nzito" hufikiri ni oili bora. Akisikia "oili yenye mnato mkubwa", hapo huenda akauliza: mkubwa kiasi gani, nao unahitajika wapi? Swali hilo ndilo mwanzo wa uteuzi mwema.

Mnato hubadilika kwa joto. Asali ya asubuhi ya baridi hukataa kutoka chupani, lakini ikiwekwa karibu na moto hutiririka kama maji. Oili nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa baridi huwa na mnato mkubwa. Ikipata moto mnato hupungua. Hapa ndipo penye mtihani. Oili yenye mnato mkubwa kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini gari linapowashwa, na vyuma hukaa kwa muda vikiwa na ulainisho haba. Oili yenye mnato mdogo kupita kiasi huwa maji matupu injini ikipata moto, na utando ukakatika. Injini huhitaji oili iliyo wastani kati ya hatari hizo mbili, na wastani huo hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine.

Kuzisoma Namba za SAE

Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE, kilianzishwa mwaka wa 1905. Mwaka wa 1911 kilitoa utaratibu wa kwanza wa kuainisha oili kwa mnato wake, na utaratibu huo, baada ya marekebisho mengi, ndio unaotumika ulimwenguni hadi leo. Tuchukue mfano wa oili iliyoandikwa 5W-30.

Herufi W imetokana na neno la Kiingereza winter, yaani majira ya baridi. Wako wanaodai kuwa ni weight, yaani uzito, na dai hilo ndilo linaloendeleza kosa tulilolitaja. Namba iliyo kabla ya W hueleza tabia ya oili katika baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyotiririka kwa wepesi katika baridi kali zaidi. Oili ya 5W hupimwa katika nyuzi 30 za Selisiasi chini ya sufuri. Ile ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sufuri.

Namba iliyo baada ya kistari hueleza mnato wa oili injini ikiwa imepata moto, nao hupimwa katika nyuzi 100 za Selisiasi. Oili ya daraja la 30 ina mnato wa kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, katika kipimo cha milimita mraba kwa sekunde. Daraja la 40 huanzia 12.5 hadi chini ya 16.3. Daraja la 50 huanzia 16.3 hadi chini ya 21.9.

Yako makosa mawili ya usomaji tunayopaswa kuyasahihisha. Kwanza, kistari kilichomo katika 5W-30 hakina maana ya "kuanzia hadi". Oili hiyo haina mnato ulio kati ya tano na thelathini. Namba mbili hizo ni majibu ya mitihani miwili tofauti, mmoja wa baridi na mmoja wa joto. Pili, oili haiongezi mnato ikipata moto. Wapo wanaoamini kwamba 5W-30 huanza ikiwa nyepesi asubuhi kisha ikawa nzito mchana. Sivyo. Oili yoyote hupungua mnato ikipata joto. Ila oili yenye namba mbili hupungua kwa kiasi kidogo kuliko ile yenye namba moja, kwa sababu imetiwa viungio vinavyoudhibiti mnato wake. Oili iliyoandikwa 40 peke yake haikupita mtihani wowote wa baridi.

Kuzisoma Herufi za API

Mnato ni nusu ya habari. Oili mbili zinaweza kuwa na mnato uleule, moja ikiwa na viungio vya kisasa na nyingine ikiwa haina chochote. Tofauti hiyo huelezwa na herufi za taasisi ya petroli ya Marekani, API, iliyoanzishwa mwaka wa 1919.

Herufi ya kwanza ikiwa S, oili hiyo imekusudiwa injini za petroli. Ikiwa C, imekusudiwa injini za dizeli. Herufi ya pili huonyesha kizazi cha oili, nayo huendelea kwa mpangilio wa alfabeti. SA ilikuwa ya mwanzo kabisa, haina viungio, na haifai injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka wa 1930. SL ilitoka mwaka wa 2001, SM mwaka wa 2004, SN mwaka wa 2010, SP mwaka wa 2020 na SQ mwaka wa 2025. Kila kizazi hubeba majukumu ya vizazi vilivyotangulia na kuongeza mengine. SP, kwa mfano, iliongeza ulinzi wa mnyororo wa injini dhidi ya kulika.

Kwa oili za petroli, basi, kanuni ni nyepesi: mwenye gari anaweza kupanda lakini asishuke. Gari lililotakiwa SL linaweza kutiwa SN au SP yenye mnato uliopendekezwa. Gari lililotakiwa SN lisitiwe SF eti kwa kuwa ni rahisi. Mnunuzi akiona kopo lenye picha ya gari la kifahari na maandishi ya dhahabu, apuuze picha na dhahabu. Atafute herufi mbili hizo.

Kwa upande wa dizeli, kama yalivyo malori yanayokusanya majani chai na kuyapeleka viwandani, mambo yanahitaji uangalifu zaidi. CK-4 iliyotoka mwaka wa 2016 inaweza kutumiwa mahali pa CJ-4 na CI-4 zilizoitangulia. Lakini FA-4, ambayo ilitoka pamoja nayo, ina mnato mdogo zaidi na imekusudiwa injini mahususi za kisasa. Kumbe si kila kipya kifaacho. Isitoshe, gari la dizeli lenye chujio la masizi katika ekzosi huhitaji oili inayoacha majivu machache. Vinginevyo chujio hilo huziba.

Mashirika mengine nayo yana alama zake. Watengenezaji wa magari wa Ulaya hutumia alama za ACEA, na Wajapani wana zao za JASO. Kitabu cha gari kikizitaja, zitafutwe koponi kwa namna iyo hiyo.

Kitabu cha Gari Ndicho Hakimu

Baada ya kujua kusoma, mtu atajuaje injini yake inahitaji nini? Jibu limo katika kitabu cha mwongozo kilichokuja na gari. Mhandisi aliyeiunda injini ndiye aliyepima nafasi kati ya beringi na mtaimbo, na ndiye ajuaye utando wa unene gani utatosha humo. Kauli yake hutangulia kauli ya fundi, ya muuza duka na ya jirani.

Hapa kwetu liko tatizo la lugha kwa mara nyingine. Magari mengi yanayoingia Kenya ni yale yaliyotumika Japani, nayo hayaruhusiwi kuingia yakiwa na umri unaozidi miaka minane. Vitabu vyake, iwapo havikupotea njiani, vimeandikwa Kijapani. Wengi huvifungua mara moja wakavitupa. Wasivitupe! Katika ukurasa wa oili, namba na herufi kama 5W-30 na SN huandikwa kwa alfabeti yetu hii, hata pale maelezo mengine yote yanapokuwa ya Kijapani. Vilevile, katika magari mengi daraja la mnato limeandikwa juu ya kifuniko cha tundu la kumiminia oili. Mjomba alikuwa akikifungua kifuniko hicho kila wiki asijue kwamba ameshika jibu mkononi.

Hali ya Nyanda Zetu

Mji wa Kericho uko katika mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na barabara ni za kupanda na kushuka. Je, hali hii inabadilisha uteuzi?

Kuhusu baridi, hofu isizidi kiasi. Asubuhi yetu ya nyuzi kumi na kitu haikaribii barafu ya Ulaya, na hata oili ya 20W inaweza kuiwasha injini hapa. Hata hivyo, oili ya 5W huwahi kufika kwenye vali na mnyororo kuliko ya 20W, hata katika baridi ya Kabianga, na injini iliyoundwa kwa ajili ya 5W-30 hufaidi uharaka huo kila siku inapowashwa. Pale kitabu kinaporuhusu madaraja mawili au matatu, dereva anayebeba mizigo mizito milimani au anayeshuka mara kwa mara kwenye joto la Kisumu ana sababu ya kuchagua namba ya mwisho iliyo kubwa miongoni mwa zile zilizoruhusiwa. Asivuke mipaka ya kitabu.

Jambo linaloziumiza zaidi injini zetu ni safari fupifupi. Gari linalotoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, kilomita tatu au nne, halipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli vinavyojipenyeza ndani ya oili. Matope na vumbi la kiangazi, pamoja na milima, huongeza taabu. Ndiyo maana watengenezaji hupendekeza vipindi viwili vya kubadilisha oili: kimoja cha matumizi ya kawaida na kimoja kifupi cha matumizi magumu. Gari la abiria la Kabianga limo katika kundi la pili. Desturi ya madereva wengi wa Kenya ya kubadilisha kila kilomita 5,000 ina mantiki kwa magari ya namna hiyo.

Oili ya Pikipiki na Oili ya Gari

Yafaa tuwaonye pia ndugu zetu wa bodaboda. Katika pikipiki nyingi, oili moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Baadhi ya oili za magari madogo, hasa zile zinazosifiwa kwa kupunguza matumizi ya petroli, zina viungio vinavyofanya vitu viteleze zaidi. Klachi iliyolowa ndani yake huteleza, na pikipiki ikakosa nguvu mlimani. Oili ifaayo huwa imeandikwa JASO MA, MA1 au MA2. Kwa upande mwingine, oili ya 20W-50 iliyoagizwa na kitabu cha pikipiki si lazima iifae Probox ya 5W-30, ijapokuwa zimepangwa kwenye rafu moja ya duka moja. Ubora wa oili hauko katika oili peke yake. Uko katika kupatana kwake na injini.

Oili Bandia

Msomaji hodari wa namba na herufi bado anaweza kudanganywa iwapo kopo lenyewe linasema uongo. Wako wachuuzi wanaokusanya makopo matupu, wakayajaza oili chafu iliyochujwa, kisha wakayauza kama mapya. Mnunuzi na achunguze muhuri wa kifuniko usiwe umekatwa, tarehe na namba ya toleo ziwe zinasomeka, na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, iwepo. Ajiepushe kabisa na oili ya kupimiwa kutoka katika pipa lisilojulikana. Naye amalizapo kumimina, alitoboe kopo lake kabla ya kulitupa ili lisirudi sokoni.

Ikumbukwe kuwa Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa hizo. Anayedai kuonyeshwa kopo lililofungwa hafanyi inda. Anatumia haki yake.

Baada ya Kumimina

Uteuzi mwema hauna faida bila ya uangalizi. Angalau mara moja kwa wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, kijiti cha kupimia kitolewe, kifutwe, kirudishwe na kutolewa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, iongezwe ya daraja lile lile. Chujio la oili libadilishwe kila oili inapobadilishwa.

Rangi nayo ina lugha yake, lakini isomwe kwa hadhari. Oili iliyokuwa nyeusi si lazima iwe imeharibika. Huenda imeshika masizi kama ilivyotumwa, hasa katika injini ya dizeli. Bali oili ikifanana na chai ya maziwa, hiyo ni ishara kwamba maji yameingia, na gari lipelekwe kwa fundi bila ya kukawia. Moshi wa samawati nao ni ishara kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Dawa yake ni kukarabati kilicholika, kama vile vipira vya vali au ringi. Kuongeza mnato ili kuuficha moshi ni kupaka chokaa juu ya ufa, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu taa nyekundu yenye umbo la birika, maana yake ni moja tu: shinikizo la oili limeshuka mno. Taa hiyo haihesabu kilomita wala haikumbushi siku. Iwakapo injini ikiwa inanguruma, dereva aegeshe gari mahali salama palipo karibu na kuizima injini papo hapo. Asiseme afike kwanza.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba uteuzi wa oili una hatua nne. Kwanza, kitabu cha gari au kifuniko cha oili kisomwe ili kujua daraja la mnato. Pili, namba za SAE zilizo juu ya kopo zilinganishwe na daraja hilo. Tatu, herufi za API zitazamwe, ziwe za kizazi kilichotakiwa au, kwa petroli, kilichofuata. Nne, kopo lihakikiwe kuwa ni halisi. Hatua zote nne ni za kusoma. Hakuna hata moja inayohitaji shahada ya uhandisi.

Hata hivyo, maelezo haya yanapatikana zaidi kwa Kiingereza na Kijapani, ilhali madereva na mafundi wetu huzungumza Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni. Sisi tunaosomea lugha hii tumezoea kuuliza istilahi zinaundwaje na nani azisanifishe. Yafaa pia tuulize istilahi hizo zinamfikia nani. Neno "mnato" limekaa katika vitabu vya fizikia, na halijafika gereji ambako linahitajika. Pendekezo letu ni kwamba chama chetu kiandae karatasi moja, yenye hatua nne tulizozitaja, kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe katika gereji na maduka ya vipuri kutoka Kabianga hadi Kericho na Litein. Kazi hiyo haitagharimu zaidi ya wino na karatasi.

Mjomba bado ana Probox ile ile, yenye injini nyingine. Kila anunuapo oili hunipigia simu, akanisomea kilichoandikwa juu ya kopo, herufi baada ya herufi, kabla ya kulipa. Siku hizi mara nyingi sina la kumsahihisha.